Ardhi Moja

Boya limelala ukumbini kwa mama, Mkomani,
la manjano, tumboni lina makovu ya chaza
niliowabandua kwa kisu cha kuparia samaki.
Miezi minne lilikuwa bubu nje ya Mkanda.
Ubongo wake wa kwanza ulipenya chumvi,
ukageuka kijani kama sarafu ya kisimani.

Nimenunua ubao mpya Mombasa,
mdogo, waenea kiganjani,
miguu ya shaba arubaini, tandu mtupu.
Kazi ni kuunga nyaya nne.
Nne tu! Lali Famau, fundi redio wa Langoni,
alicheka aliposikia nimekaa nazo siku tatu.

Mwekundu ni umeme, huo hauna maneno.
Lakini kihisi husema kwa volti tano
na ubao una masikio ya volti tatu na kitu;
ukiupigia ukelele utakufa pasipo kulia.
Nikaweka vipinga viwili katikati,
vyenye pete za rangi kama vidole vya bi harusi,
viipoze sauti njiani.

Kimya.
Skrini nyeusi, kishale kinapepesa
kama jicho la mtu anayejifanya hakujui.

Lali akaja na miwani yake ya kamba;
harufu ya lehemu haijamtoka tangu redio za betri sita.
Akaufuata waya mweusi kwa ukucha.
"Mwanangu, hivi viwili havina ardhi moja.
Kila kimoja kina sifuri yake.
Wasiokubaliana sifuri iko wapi
watahesabianaje?"
Tukiwa kisiwani, maji pande zote,
nikaunga ardhi kwa ardhi.

Kimya tena.
Akaugeuza ubao, akasoma herufi ndogo kama punje za ulezi.
"Umeunga mdomo kwa mdomo, na sikio kwa sikio."
Kweli. Waya wa kusema umekwenda kusemesha msemaji,
wa kusikia unamsikiliza msikiaji.
Mama, kutoka jikoni, bila kuulizwa:
"Kama kikao cha posa ya Barwa."
Tulicheka mpaka koleo ikaanguka.
Nikazipishanisha.

Sasa zogo: maswali, nyota, herufi
zisizo za lugha ya mwanadamu yeyote.
Mmoja asema pole, mwenzake asikiliza mbio.
Nikashusha kasi hadi elfu tisa na mia sita,
ambayo kwa viumbe hawa
ni mwendo wa mkongwe na bakora yake.

Bahari hatukuwa nayo ndani ya nyumba.
Tulikuwa na birika.
Nikakitumbukiza kihisi chooni, kwenye birika la bibi,
lenye bakuli la kaure lililojengewa chini
na visamaki sita vya kula viluwiluwi vya mbu.
Mama akasimama mlangoni, mkono kiunoni:
"Ukivipiga shoti visamaki vyangu,
wewe na dude lako mtalala nje."

27.4
27.4
27.3

Ile tatu ilipotokea ndipo nilipoamini.
Kitu kilichokufa hakibadili kauli.
Kisamaki kimoja kilikuja, kikakigusa kihisi kwa pua, kikaondoka.
Lali akavua miwani akaifuta,
ingawa ilikuwa safi.

Jumanne tulilifunga boya: grisi kwenye mpira wa kifuniko,
skrubu kumi na mbili, kila moja robo mzunguko,
kisha ya kwanza tena, kwa wasiwasi wangu,
tukalirudisha kwenye mnyororo wake.
Saa tisa usiku simu ikatetemeka chini ya mto:
maji 28.1, mawimbi nusu mita, betri imejaa.
Sikumwamsha mtu.

Asubuhi mama yuko mlangoni mwa choo, taulo begani.
"Leo maji yana ngapi?"
"Sijui, mama. Kihisi kimekwenda kazini."
Akatia mkono hadi kiwiko,
visamaki vikatawanyika, vikarudi.
Akangoja.
"Ishirini na saba," akasema, "na nukta zake."